Mbabula chini ya ngazi

*Ndugu mshauri,*

*Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi hapa Kavimvira, Uvira, upande wa kuelekea mlimani ukitoka barabara ya Bujumbura. Maji ya 2020 yalituharibia nyumba ya kwanza, na mume wangu akaapa kwamba hatajenga tena nyumba ya chini peke yake. Tumeinua etaji moja, matofali ya kuchoma, sakafu ya juu ni ya beto, na juu kabisa manjanja. Plafo bado. Ngazi inapanda moja kwa moja kutoka saloni, haina mlango. Pale inapogeukia katikati kuna tundu la dirisha linalotazama mlima. Tuliliacha bila kioo wala ubao kwa sababu pesa iliisha.*

*Mchana vyumba vya juu havikaliki kwa joto. Usiku wa kiangazi, tangu mwezi wa sita, ni kinyume chake: baridi inateremka kwenye ngazi na kutandaa saloni. Mama mkwe wangu analala hapo chini, kwa kuwa magoti hayamruhusu kupanda, na kitanda chake kiko mguuni pa ngazi. Alikulia Lemera, amezoea kulala karibu na moto. Kila jioni tunamletea mbabula, makala yakiwa yameshika vizuri na moshi umekwisha. Hata hivyo analalamika baridi ya miguu, tena anakohoa. Mdogo wangu wa kiume aliye Winnipeg, Kanada, amenipigia simu akasema nizibe kila tundu na niweke mlango chini ya ngazi, ndivyo wanavyofanya huko. Mume wangu hataki, anasema mlango utatunyima hewa. Watoto nao siku hizi wanaamka kichwa kinawauma. Nimewapima malaria mara mbili, hakuna kitu.*

*Je, niweke mlango au nisiweke?*

*Mama wa wanne, Kavimvira*

Mama mpendwa,

Swali la mlango nitalijibu, na nitalijibu kwa kirefu. Lakini kwanza nakuomba, kabla giza halijaingia leo, uitoe ile mbabula ndani ya nyumba na isirudi tena. Umeandika habari ya vichwa vya watoto mwishoni, kama jambo la kupita, na ndiyo iliyonishtua mimi kuliko yote. Watoto wanaolala juu ya ngazi, makala yanayowaka chini ya ngazi, maumivu ya kichwa ya alfajiri, na kipimo cha malaria kisichoonyesha kitu: hayo manne yakikutana, mtu haruhusiwi kusubiri.

Makala yanapowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ndiyo sababu yale makala yaliyoshika vizuri yanadanganya watu wengi: moshi umekwisha, basi tunadhani hatari imekwisha, kumbe hewa hiyo inaendelea kutoka mpaka kaa la mwisho lizimike. Ikiingia kwenye mapafu, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na damu hubaki inazunguka bila kubeba kile ambacho mwili unakihitaji. Kwanza kichwa kinauma. Kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, akili kuchanganyika. Mtu aliyelala hupita hatua zote hizo bila kuamka. Watoto huathirika haraka kuliko watu wazima, na pia wajawazito, wazee, na wenye upungufu wa damu.

Mtoto akikutwa amelegea au haamki vizuri, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja, kisha hospitalini, na mwambieni daktari wazi kwamba kulikuwa na mbabula ndani. Msione haya kulisema. Kwa hewa ya kawaida, mwili huchukua kama saa nne au tano kupunguza sumu hiyo kufikia nusu. Kwa oksijeni safi ya hospitali, ni kama saa moja au moja na nusu. Daktari asiyeambiwa habari ya makala ataanza kutafuta malaria, kama ulivyofanya wewe, na muda huo utapotea.

Sasa nieleze kwa nini sumu iwafikie watoto wa juu hali bibi yao ndiye aliyelala karibu na moto. Hapo ndipo ngazi yako inapoingia.

Hewa yenye joto ni nyepesi. Chukua kipimo cha mita moja ya ujazo: kwa digrii 20 hewa hiyo ina uzito wa karibu kilo 1.2, na kwa digrii 35 inapungua kwa gramu kama 60. Ni kidogo, lakini inatosha kuiinua hewa ya moto na kuiacha ile ya baridi ichukue nafasi yake chini. Katika nyumba isiyo na etaji jambo hili halionekani sana, kwa kuwa urefu ni mdogo. Ukiinua ghorofa na kuacha ngazi wazi, umetengeneza bomba la moshi lenye vidato, na kadiri bomba linavyokuwa refu ndivyo linavyovuta kwa nguvu. Tena ngazi iliyo wazi hubeba hewa pande mbili kwa wakati mmoja. Hewa ya joto inapanda ikipita juu, karibu na kichwa cha mtu anayepanda, na hewa ya baridi inateremka chini yake, ikigusa vidato mpaka kwenye miguu ya mama mkwe wako.

Sasa angalia mbabula inafanya nini katika mpango huo. Inapasha hewa ya saloni, hewa hiyo inapanda ngazi pamoja na sumu yake na kuingia vyumba vya watoto. Iliyopanda lazima ipate ya kuchukua nafasi yake, na inayokuja ni ile baridi ya juu na ya dirisha lisilo na kioo. Kwa maneno mengine, mama, moto mnaouwasha kumkinga bibi na baridi ndio unaoivuta baridi hiyo imfuate. Mkiongeza makala, upepo wa miguuni unazidi. Ndiyo maana analalamika kila usiku ingawa moto upo hatua mbili kutoka kitandani.

Unaweza kuyaona haya kwa macho yako mwenyewe. Kata utepe mwembamba wa mfuko wa plastiki, ufunge kwenye kijiti. Saa moja jioni simama kwenye kidato cha tatu, ushike utepe karibu na miguu, halafu uinue mpaka juu ya kichwa chako. Utaona ukiwa chini unaelekea upande mmoja, na ukiwa juu unaelekea upande wa pili. Rudia saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri, na umwite mume wako aone naye, kwa sababu kazi ninayokuja kuwaagiza itamhitaji yeye na fundi.

Hiyo baridi yenyewe inatoka wapi, hapa kwetu ambako wageni hutoka jasho wakiwa wamekaa? Inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni mlima. Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa mita 770 hivi, na safu ya Mitumba nyuma yetu inapanda kupita mita 3,000 katika umbali mfupi sana. Usiku miteremko ile inapoa upesi, hewa iliyoigusa inakuwa nzito na kuanza kuteremka kwenye mabonde, ikielekea ziwani ambako maji bado yana joto la mchana. Mchana inageuka, upepo unatoka ziwani. Kila mvuvi wa Kavimvira anaijua zamu hiyo, na nyumba yako imesimama katikati ya njia. Lile tundu la kwenye kona ya ngazi, linalotazama mlima, ni mlango mliouacha wazi kwa ajili ya upepo wa usiku.

Ya pili ni manjanja. Usiku wa kiangazi mbingu haina mawingu, na bati lililo tupu hutupa joto lake angani mpaka likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Kama umewahi kuamka ukakuta matone ya maji chini ya bati bila mvua kunyesha, sababu ni hiyo. Bila plafo, hewa iliyo chini ya bati inapoa, inakuwa nzito, na njia yake ya kushuka ni ngazi. Bati hilohilo mchana wa jua kali linaweza kupita digrii 60, na ndilo linalowatoa vyumbani. Joto la mchana na baridi ya usiku mnazozilalamikia zina mama mmoja, na ndiyo maana nisingetumia pesa ya kwanza kununua mlango.

Tuje kwa mdogo wako. Anasema kweli kuhusu nyumba yake, na amekupigia kwa upendo. Winnipeg, usiku wa Januari, nje ni digrii 20 chini ya sifuri na ndani wanataka 20. Tofauti ni digrii 40. Ngazi ya nyumba yake inavuta kwa tofauti hiyo: joto walilolilipia linapanda na kutorokea kwenye nyufa za dari, na baridi ya barafu inaingia chini ya milango. Kwao kila tundu ni pesa inayovuja, kwa hiyo wanaziba kwa sponji, wanaweka milango miwili, wanafunika hata kifuniko cha kupandia darini. Lakini joto lao linatoka kwenye mtambo wenye bomba la kutolea hewa chafu nje, au kwenye umeme, na sheria za ujenzi huko zinataka vifaa vinavyolia hewa ya sumu ikizidi. Wewe Kavimvira usiku wa Julai una digrii kama 18 nje na labda 26 ndani. Tofauti ni nane, moja ya tano ya ile ya kwake. Ukiziba kila tundu kwa tofauti ndogo hivyo, tena kukiwa na makala ndani, utakuwa umefunga hatari pamoja na watoto wako. Mshukuru, mwambie moyo wake umefika, na usiufuate ushauri wake.

Mume wako naye yuko karibu zaidi na kweli, ingawa hajalimaliza jambo lenyewe. Wajenzi wa pwani ya Bahari ya Hindi walilielewa zamani. Lamu, nyumba nyingi za mawe zina ngazi nyembamba inayopanda mpaka juu kabisa, na huko juu pana paa la makuti lililoachwa wazi pembeni, joto linapanda na kupotelea baharini. Hewa inahitaji mahali pa kutokea juu. Ngazi yenu ina mahali pa kuingilia hewa lakini haina mahali pa kutokea, basi hewa inazunguka humohumo ndani.

Kwa hiyo anzeni na lile tundu la kona. Msilijenge kwa matofali, mtalihitaji. Fundi awatengenezee ubao wa dirisha, volé ya mbao ya kawaida yenye bawaba na komeo, iingie vizuri kwenye fremu, na upande wa ndani aweke wavu wa mbu. Mchana liwe wazi lipumue. Usiku wa kiangazi mliache wazi mpaka kuta za juu zipoe, kama saa tatu hivi, kisha mlifunge kabla ya kulala. Mvua zikikaribia, mwezi wa tisa na wa kumi, usiku wenyewe unakuwa mzito, hapo liacheni wazi mpaka asubuhi. Kazi hii peke yake itamwondolea mama mkwe sehemu kubwa ya upepo anaousikia, na ndiyo ya bei ndogo kuliko zote.

Kisha fungueni mahali pa kutokea. Juu ya ngazi, karibu kabisa na manjanja, fundi atoboe nafasi ya matofali machache na kuweka yale ya matundu, klostra, na wavu nyuma yake. Msiyaweke upande wa mlima, maana usiku upepo utaingia humohumo. Upande wa kaskazini ni bora, kwa sababu pepo za kiangazi kwenye ziwa letu hutoka kusini. Matundu hayo yasizibwe kamwe, kiangazi wala masika. Yako juu ya vichwa vya watu, hayamletei mtu baridi.

Plafo ndiyo kazi kubwa, na najua kwa nini imechelewa. Mkipata pesa kidogo kidogo, anzeni na chumba cha watoto na sehemu iliyo juu ya ngazi kabla ya kwingine. Triplex nyembamba inatosha, mradi kati yake na bati ibaki nafasi ya hewa, na pembe mbili za paa ziwe na matundu yenye wavu ili joto la katikati lipite. Wakati mkisubiri, rangi nyeupe ya manjanja upande wa juu itapunguza sana joto la mchana. Iwe rangi ya bati. Kuna watu wanaopaka chokaa kwa kuwa ni rahisi. Chokaa mbichi hula zinki, na bati linawahi kupata kutu.

Sasa mlango. Jibu langu ni hapana, na sababu yangu kubwa haihusu hewa. Mmejenga etaji hii kwa ajili ya maji. Aprili 2020 mito ilishuka na matope na mawe, watu wakafa, maelfu ya nyumba zikaondoka, na 2024 ziwa likapanda tena mpaka ndani ya makazi. Ngazi hiyo ndiyo njia yenu ya kuokoka. Mlango unaofungukia saloni, maji yakishajaa saloni, yanaubana na hamtaufungua. Unaofungukia kwenye ngazi unawafanya mkanyagane juu ya vidato gizani, na wenye ufunguo ni hatari maradufu. Mama mwenye watoto wanne na bibi mwenye magoti mabovu asiweke kizuizi chochote mahali hapo. Kwa sababu hiyohiyo toeni magunia, bidoni na viatu kwenye vidato. Na ukutani, upande mmoja, wekeni bomba la chuma la kushika, ili siku ya shida bibi aweze kupandishwa.

Badala ya mlango, tundikeni pazia zito, rido ya kitambaa kinene au blanketi la zamani. Liguse sakafu kabisa, maana baridi inapita chini, na juu liache nafasi ya kiganja. Mtu akikimbia analisukuma kwa bega.

Na mama mkwe. Nadhani jambo hili ndilo gumu kwako kuliko fundi, kwa sababu kumwondolea mzee moto kunaweza kuonekana kama kumkosea heshima. Usimwambie wewe peke yako. Mume wako ndiye mwanawe, azungumze yeye, wewe ukiwepo, na amweleze habari ya vichwa vya wajukuu. Sijaona bibi anayechagua moto akishajua hilo. Nyumba za majani za Lemera ya utoto wake zilikuwa na paa linalopitisha moshi, ingawa hata huko wanawake wengi waliumia macho na vifua. Hapa moshi una sakafu ya beto juu yake na tundu moja tu la kupandia, na wajukuu wako kwenye tundu hilo.

Hamisheni kitanda chake leo, mbali na ngazi, kwenye ukuta wa upande wa ziwa. Jua letu huwahi kujificha nyuma ya mlima, lakini asubuhi ukuta ule unaota jua tangu linapochomoza juu ya Burundi, na upepo wa usiku haufiki pale. Mwekeeni blanketi chini ya mwili pia, kwa kuwa baridi ya kitanda hupanda kutoka chini ya godoro, jambo ambalo wengi hulisahau wakarundika mablanketi juu tu. Soksi na kitambaa cha kichwa. Kabla ya kulala mjazie maji ya moto kwenye chupa ngumu yenye kifuniko kinachobana, uifunge kwa kitenge, uiweke karibu na miguu yake bila kugusa ngozi. Mbabula ipike nje, na mvua ikinyesha iwe barazani, upande ulio wazi.

Kikohozi chake kinaweza kuwa cha moshi, cha baridi, au cha kitu kingine kabisa. Kama kimepita wiki mbili, mpelekeni kituo cha afya akapimwe makohozi kwa kifua kikuu, hata kama hatoki damu na hajakonda. Analala nyumba moja na watoto.

Watoto waangalie tangu kesho asubuhi. Wakilala siku tatu bila makala ndani na kichwa kikaacha kuuma, umeshajua kilikuwa nini. Kikiendelea, wapeleke hospitali kuu ya Uvira wakachunguzwe upya, na ueleze mambo yote mawili, ya mbabula na ya vipimo vya malaria ulivyokwisha kufanya.